Betri ya laptopu ikichoka: Ununue mpya, uifufue au uiache?

Na Mwandishi Wetu, Hombolo

UKURASA huu kwa kawaida hutoa hali ya soko la zabibu, mtama na alizeti katika kanda ya kati. Wiki hii tunageukia bidhaa isiyomo katika orodha ya soko lolote la mazao, lakini inayokula fedha za wakazi wengi wa Hombolo, kilomita takriban 40 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Bidhaa hiyo ni betri ya kompyuta mpakato, au laptopu kama inavyojulikana na wengi.

Wageni huijua Hombolo kwa bwawa lake lililojengwa miaka ya 1950, mizabibu yake na kituo chake cha utafiti wa kilimo. Lakini hapa pia ndipo kilipo Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 26 ya mwaka 1994. Palipo na chuo pana wanafunzi, wahadhiri na vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, na wote hao wanategemea laptopu. Nyingi kati ya hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya au kwenye ofisi za mjini, na betri zake zilifika zikiwa nusu mzee.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuona kwamba hili ni jambo dogo. Betri ikifa, huchomeka waya ukutani na kuendelea na kazi, na siku akipata nafasi hupita Kariakoo. Kwa mtu wa Hombolo hesabu ni nyingine. Duka la vipuri liko mjini, nauli ni ya kwenda na kurudi, na akiuziwa betri mbovu ni safari ya pili. Akifanya uamuzi usio sahihi, fedha zinazopotea zinaweza kuwa matumizi ya mwezi mzima wa mwanafunzi.

Halafu kuna umeme. Mgao wa miaka ya 1992, 1994, 2006, 2011 na ule wa 2022 na 2023 haujasahaulika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililoanza kuzalisha mwaka 2024, limebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, wingi wa megawati huko Rufiji hauzuii nguzo kuanguka wakati wa mvua za Januari, wala transfoma ya mtaa kuzidiwa. Umeme ukikatika kwa dakika mbili tu, laptopu isiyo na betri huzimika papo hapo, na ripoti ambayo haijahifadhiwa hupotea nayo.

Pima kwanza, ununue baadaye

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kwenda dukani kabla hawajajua hali ya betri waliyo nayo. Kipimo kipo na hakilipiwi. Katika kompyuta zinazotumia Windows 8 na zilizofuata, unafungua kidirisha cha kuandikia amri, unaandika powercfg /batteryreport na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Kompyuta hutengeneza ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Ndani yake angalia mistari miwili. DESIGN CAPACITY ni uwezo betri iliyotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY ni kiasi inachoweza kubeba leo ikijaa. Katika kompyuta nyingi upo pia mstari wa CYCLE COUNT, yaani idadi ya mizunguko ya chaji.

Tuchukue mfano wa betri iliyotoka kiwandani na miliwati-saa 41,000 na leo inabeba 22,000. Imebaki na takriban asilimia 54. Kwa viwango vya watengenezaji hiyo imechoka, kwani wengi huihesabu betri kuwa imechakaa inaposhuka chini ya asilimia 80, jambo ambalo kwa betri za kawaida hutokea baada ya mizunguko 300 hadi 500. Lakini asilimia peke yake haitoshi kumfungua mtu pochi. Laptopu inayofanya kazi nyepesi ya kuandika hula wati-saa 10 hivi kwa saa moja ya kazi. Betri yenye wati-saa 22 bado itakupa saa mbili. Swali linalofuata ni la biashara: je, wewe unahitaji saa ngapi?

Mwenye kibanda cha steshenari nje ya lango la chuo anahitaji dakika kumi tu. Umeme ukikatika, mashine ya kutoa nakala na printa vinazimika, kwa hiyo hata laptopu ikibaki inawaka siku nzima hawezi kumhudumia mteja. Anachotaka ni muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Huyu, betri yake ikiwa imebaki na asilimia 30, kwa maoni yangu asiinunue nyingine. Fedha hizo azitie kwenye wino au karatasi.

Mwanafunzi ni habari tofauti. Ana vipindi vya saa mbili mbili katika kumbi ambako soketi ni chache kuliko wanafunzi, na jioni hujisomea mahali ambapo kila tundu la ukutani limeshikwa. Saa mbili za kwenye ripoti zitamfaa leo, lakini muhula ujao zitakuwa saa moja na nusu. Huyu aanze kuweka akiba sasa ili asinunue kwa haraka wiki ya mitihani. Mwenye haja ya kweli ya betri nzuri ni afisa ugani au mtendaji anayejaza takwimu vijijini, pengine mahali ambapo nguzo za TANESCO hazijafika. Kwake yeye betri ni chombo cha kazi kama ilivyo pikipiki.

Kuna dalili moja isiyohitaji ripoti. Kompyuta inaonyesha chaji ipo asilimia 40, kisha ghafla inazimika. Hapo mara nyingi kundi moja la seli limedhoofika kuliko mengine, na mzigo ukizidi volti huanguka. Betri ya namna hiyo haimfai hata mwenye steshenari, maana humwangusha saa ile ile anapoihitaji.

Ikivimba, weka kalamu chini

Zipo hali ambazo hazina hesabu. Ukiona kibamba cha kugusia kimeinuka, kitufe hakibonyei, kifuniko cha chini kimetengana na ukingo wake au laptopu inayumba ikiwekwa kwenye meza iliyo sawa, betri imevimba. Ndani ya pakiti kemikali zimevunjika na kutoa gesi. Zima kompyuta, usiichaji tena, mpelekee fundi aitoe bila kutumia nguvu. Usiitoboe ili “ipumue”, kama wengine wanavyoshauri. Betri za lithiamu zina kimiminika kinachowaka, na zikitobolewa zinaweza kulipuka moto ambao haupoi upesi.

Hata kampuni kubwa zimewahi kuumia kwa hili. Mwaka 2006 Dell ilitangaza kurudisha betri milioni 4.1 za laptopu zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu baadhi ziliweza kuwaka, na Apple ikafuata na betri zake milioni 1.8. Ikumbukwe kwamba Sony ndiyo iliyoingiza betri ya aina hii sokoni mwaka 1991. Ikiwa kiwanda cha mwanzo kiliweza kukosea, mnunuzi wa pakiti isiyojulikana ilikotoka ana sababu ya kuwa mwangalifu.

Ushauri wa zamani unaogharimu leo

Mafundi wetu wa rika la kati bado wanawaambia wateja waiache betri iishe kabisa kabla ya kuichaji, na betri mpya ichajiwe saa nane mfululizo siku ya kwanza. Ushauri huo haukutoka hewani. Ulifaa kwa betri za nikeli na kadimiamu zilizotumika miaka ya nyuma, ambazo zilizoea vibaya zikichajiwa nusu nusu. Betri za lithiamu za leo hazina tabia hiyo. Kuzimaliza hadi sifuri kila siku kunazichosha mapema, na kuziacha zimejaa asilimia 100 kwenye joto kunazichosha zaidi.

Majedwali yanayotumiwa sana na wataalamu yanaonyesha hivi: betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mmoja kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, hupoteza takriban asilimia 4 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa mwaka huo huo kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa, hupoteza takriban asilimia 35. Dodoma si Dar es Salaam. Joto la mchana mwezi Novemba huwa nyuzi 31 hivi na usiku kuna ubaridi. Lakini chini ya bati lisilo na dari, au ndani ya gari lililoachwa juani, nyuzi 40 hufikiwa bila taabu. Laptopu inayofanya kazi juu ya godoro, matundu yake ya hewa yakiwa yamezibwa na shuka na vumbi la Hombolo, hujipika yenyewe.

Kutokana na hayo, msomaji ataona kwa nini neno “mpya” halitoshi. Betri iliyokaa miaka mitatu kwenye stoo yenye joto haijawahi kutumika, ni kweli, lakini imezeekea ndani ya boksi.

Njia tatu, na hatari zake

Njia ya kwanza ni kununua pakiti nzima. Ya pili ni kumpa fundi aifungue pakiti ya zamani na kubadilisha seli zilizo ndani. Ya tatu ni kuendelea bila betri.

Ya pili ndiyo yenye mvuto zaidi kwa sababu ya bei, na ndiyo yenye matatizo mengi zaidi. Inawezekana tu kwa pakiti za zamani zenye seli za duara, zile za milimita 18 kwa 65. Pakiti bapa za laptopu nyembamba hazifanyiwi kazi hiyo kienyeji. Halafu ndani ya pakiti kuna saketi ndogo inayolinda na kuhesabu chaji. Saketi hiyo ikiona volti imekatwa, katika aina fulani hujifunga moja kwa moja, na seli mpya zikiwekwa kompyuta hukataa kuzitambua. Hata ikikubali, huendelea kusoma uwezo wa zamani hadi ipangwe upya kwa kifaa ambacho mafundi wachache wanacho. Baya kuliko yote ni chanzo cha seli zenyewe. Nyingi zinazoitwa mpya zimetolewa katika pakiti nyingine zilizokufa na kuvalishwa nailoni ya rangi mpya. Ukiona seli ya ukubwa huo imeandikwa miliampea-saa 9,900, jua maandishi hayo ni ya uongo. Seli halisi za kawaida sokoni ni kama 2,200 hadi 3,500.

Njia ya tatu isidharauliwe. Laptopu kubwa za zamani zenye betri ya kuchomoa hufanya kazi vizuri kwa adapta peke yake, mradi mwenye nayo awe na mazoea ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Baadhi ya modeli hujipunguzia kasi zikikosa betri, kwa kuwa adapta peke yake haimudu mahitaji ya ghafla ya prosesa. Anayetaka kinga anaweza kununua UPS ndogo, lakini nayo ina betri ya risasi inayochakaa baada ya miaka michache. Kwa ofisi yenye kompyuta ya mezani pia, UPS inaweza kuwa ununuzi bora kuliko betri ya laptopu. Kwa mtu anayebeba kompyuta yake begani, haina maana.

Namna ya kusoma lebo

Aliyeamua kununua asiende dukani na jina la laptopu tu. Modeli moja huweza kutoka kiwandani na betri aina mbili au tatu. Nakili namba ya betri yenyewe, iliyoandikwa kwenye lebo yake. Laptopu nyingi za HP 250 za kizazi cha nne, kwa mfano, hutumia betri yenye alama HS04, ya seli nne na wati-saa 41. Dell Latitude E6420, mashine ya mwaka 2011 ambayo bado inaonekana kwenye maduka ya mitumba, hutumia T54FJ yenye seli sita, volti 11.1 na wati-saa 60.

Volti zilingane. Volti 10.8 na 11.1 ni kitu kimoja, kwani zote ni seli tatu zilizofuatana na tofauti ni ya jinsi kiwanda kinavyohesabu. Lakini 11.1 na 14.8 si ndugu hata kama umbo linafanana. Kisha zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Lebo ikisema volti 14.8 na miliampea-saa 2,800, jibu ni wati-saa 41.4. Ikiwa lebo hiyo hiyo inadai wati-saa 60, mtengenezaji hakujua hesabu au alitegemea wewe huzijui.

Ipo pia mizani. Seli moja ya duara ina uzito wa gramu 45 hivi. Pakiti ya seli sita, pamoja na plastiki yake, haiwezi kuwa chini ya gramu 270. Mfanyabiashara wa nafaka huko Majengo hamnunulii mtu gunia bila kulipima, na hakuna sababu ya mnunuzi wa betri kuona haya kuomba mizani ya duka la jirani. Pakiti ya “seli sita” yenye gramu 200 ina seli nne, au ina seli na mchanga.

Omba risiti ya mashine ya EFD na dhamana iliyoandikwa, hata kama ni ya miezi mitatu. Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia na udanganyifu kwa walaji, lakini malalamiko yasiyo na risiti hayana miguu.

Hesabu yenyewe

Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke za duka lake. Tuseme betri A inauzwa Sh. 80,000 na inadumu miezi 24. Betri B inauzwa Sh. 45,000 na inadumu miezi saba. Nauli na muda wa kwenda mjini tuvihesabu Sh. 10,000 kwa safari. Betri A inakugharimu Sh. 90,000 kwa miezi 24, sawa na Sh. 3,750 kwa mwezi. Betri B ni Sh. 55,000 kwa miezi saba, ambayo ni takriban Sh. 7,860 kwa mwezi. Aliyeona ameokoa Sh. 35,000 analipa zaidi ya maradufu, na umbali wa Hombolo ndio unaoongeza pengo hilo.

Wapo watakaosema mwanafunzi hana Sh. 80,000 kwa mkupuo, na wana haki. Kukosa mtaji ni gharama halisi ingawa haiandikwi kwenye risiti. Kwa mtu wa namna hiyo, kusubiri miezi miwili huku akitumia adapta ni nafuu kuliko kununua B leo.

Bei uliyonunulia laptopu miaka mitano iliyopita isiingie kwenye hesabu hii. Fedha hizo zimekwenda. Linganisha bei ya betri na gharama ya kupata kompyuta nyingine yenye uwezo ule ule baada ya kuuza hii. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Anayeuza laptopu kwa sababu ya betri, kisha akanunua nyingine ya mtumba, mara nyingi amenunua betri nyingine iliyochoka ndani ya boksi tofauti. Kabla hajalipa, aombe ile ripoti iliyotajwa hapo juu itolewe mbele yake.

Umri wa mashine nao uangaliwe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubaliki rasmi kwenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Mashine ya 2011 inaweza bado kuandika barua na kujaza majedwali, lakini kuiwekea betri ghali ya miaka mitatu ni sawa na kuvalisha tairi mpya gari lisilopita ukaguzi. Kwa mashine hizo ningechagua adapta, au betri ya bei ya kati na si zaidi.

Baada ya kununua

Siku ile ile, kabla hujaondoka mjini ikiwezekana, ijaze na utoe ripoti. FULL CHARGE CAPACITY ya betri mpya inapaswa kukaribia ile ya kiwandani, na mizunguko iwe sifuri au michache sana. Tahadhari tu kwamba saketi ya betri bandia nayo huweza kupangwa iseme uongo, kwa hiyo tumia saa. Chomoa waya, fanya kazi zako za kawaida, uone inadumu muda gani. Rudia baada ya wiki moja, dhamana ikiwa bado mbichi.

HP, Dell na Lenovo katika laptopu nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80 hivi. Mwenye steshenari anayeacha waya umechomekwa kutwa auwashe. Mwanafunzi auwashe wakati wa likizo.

Inabaki betri ya zamani. Isitupwe kwenye shimo la takataka linalochomwa moto, wala chooni. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mizani wanapenda betri za gari kwa ajili ya risasi. Za lithiamu hawana soko nazo. Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 za kusimamia taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, hivyo mahali sahihi ni kwa mkusanyaji mwenye kibali, au dukani uliponunua mpya ikiwa wanakubali kuipokea. Kabla hujaikabidhi, funika vituo vyake vya chuma kwa gundi ya karatasi na uandike juu ya plastiki, kwa wino usiofutika, neno IMECHOKA na mwaka. Pakiti safi isiyo na alama hupata mwenyewe haraka, na baada ya miezi michache seli zake huweza kupanda basi kurudi Hombolo zikiwa na nailoni mpya.